Visanduku vya Mzee Dakika

Fundi saa huyu, ambaye wateja walimbandika jina la Mzee Dakika, alianza na kisanduku kimoja tu cha biri, zile sigara nene za wenye vitambi. Bosi wake wa kwanza alizivuta zote, akataka kukitupa, yeye akakiomba. Kilikuwa cha mbao nyembamba, na mfuniko wake ulikuwa na picha ya jogoo. Ndani yake akalaza saa ya kwanza aliyopata kuifungua.

Basi akanogewa. Wahudumu wa hoteli na wapiga mnada wakajua wapi pa kupeleka visanduku vitupu. Miaka arobaini baadaye rafu zake zilibeba sitini na vitatu, hakuna viwili vyenye picha moja, na hapo ndipo palipokuwa na maringo yake: saa moja, kisanduku kimoja, wala haandiki jina la mteja popote. "Karatasi ni za wasahaulifu," aliwatania mafundi wenzake. Simba ni saa ya dereva wa lori, meli ni ya mkunga, na kadhalika, vyote kichwani.

Jumanne moja asubuhi alifungua cha jogoo. Ndani mlikuwa na saa ya mkononi ya kizamani, imefumuliwa yote. Hakujua ni ya nani.

Kwanza alicheka. Akanywa chai, akarudi, akafungua tena, labda jina litajileta lenyewe. Wapi! Akajaribu cha simba: dereva, sawa. Cha meli: mkunga, au yule muuza magazeti? Akaanza kuvishusha vyote sakafuni, kimoja kimoja. Aliogopa, tena si kidogo. Hasira za wateja alishazizoea, alichoogopa ni kichwa chake kuvuja, leo saa, kesho amfungulie mkewe mlango na kumuuliza, "Karibu mama, unamtafuta nani?"

Mchana mkewe aliingia na chakula, akakuta visanduku vimezagaa sakafuni.

"Baba Watoto, kuna nini?"

"Panya," alidanganya.

Mkewe hakuangalia panya. Alikaa chini, akachukua kisanduku cha meli, akakigeuza. Kwenye kitako palikuwa na neno moja la penseli, kwa mwandiko wa mkewe: *Mkunga*.

Fundi akageuza cha simba. *Dereva wa lori*. Akageuza kingine, na kingine. Vyote vimeandikwa.

"Jioni si huwa unanisimulia nani kaleta nini?" mkewe alisema. "Basi mchana ukienda kunawa, mimi naandika."

"Tangu lini?"

"Mwaka juzi."

Mwaka juzi! Kumbe ugonjwa ulikuwa na miaka miwili nyumbani kwake, na yeye ndiye wa mwisho kupata habari. Akakaa sakafuni palepale. Akanyoosha mkono kwenye cha jogoo, lakini mkewe alikuwa ameshakifunika kwa kiganja.

"Hicho kiache. Kula kwanza."

"Nipe, Mama Watoto."

Akampa. Fundi akakigeuza, akasoma polepole: *Yako. Nilikupa siku ya harusi. Umeifungua mwezi wa tatu.*

Akautazama mkono wake usio na saa. Akamtazama mkewe, usoni, kwa muda mrefu, kama mtu anayekariri.

"Na wewe," akauliza kwa sauti ndogo, "umejiandika wapi?"