Tone la Maji Katika Chokoleti

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa kinu, mchi na sukari, nikaambiwa nitwange. Nilidhani wananifanyia mzaha. Kwetu Isansa mwanaume hakutwanga hata mahindi, sembuse sukari, kitu ambacho tayari ni kitamu na hakina pumba. Nikasimama na mchi mkononi nikimtazama Mpishi Mkuu, nikingoja acheke.

"Iwe," akasema, "unangoja ijitwange yenyewe?"

Huyo Mpishi Mkuu alikuwa wa kabila la Wabemba, amevuka mpaka kutoka Rhodesia ya Kaskazini, ambako alikuwa amepikia mabwana wa migodini. Akiwa na sisi, kila neno lake lilianza na "iwe", yaani "wewe" ya kwao, kwa hasira. Memsahibu akitokea mlangoni, ghafla ni "mukwai", neno lao la heshima, na sauti ya upole. Tulikuwa kwenye nyumba ya shamba la kahawa, upande wa Ruanda, si mbali na kwetu, miaka michache kabla ya vita kuu ya pili. Bwana mwenye shamba alishinda kwenye miti yake na kutuachia mkewe. Huyo mkewe ndiye Memsahibu nitakayemtaja hapa, na kama nitaonekana nalalamika, ni kwa sababu nalalamika.

Ninyi vijana mnaonunua biskuti za pakiti pale Tunduma hamjui ilivyokuwa. Memsahibu alipenda biskuti za kubandikwa mbili mbili, katikati krimu, halafu zinachovywa kwenye chokoleti. Alizitaka kila Jumamosi kwa chai ya wageni. Unga wa ngano tuliuchekecha, tukausugua na siagi ya ng'ombe wa shambani mpaka ukawa chengachenga, tukaufunga kwa yai na sukari, tukausukuma mwembamba na kuukata kwa mdomo wa glasi. Krimu ilikuwa siagi iliyopigwa kwa mwiko mpaka ikawa nyeupe, pamoja na ile sukari ya kinuni. Sukari ya siku zile ilikuwa ya punje kubwa. Usipoitwanga ikawa kama unga, na kuipitisha kwenye kitambaa, mgeni anatafuna mchanga. Hapo nikaelewa kwamba sikufanyiwa mzaha, lakini mikono iliniuma vilevile.

Chokoleti ndiyo ilikuwa shetani mwenyewe. Ilikuja kwa lori ikiwa mapande magumu. Unaikatakata kwa kisu, unaiweka kwenye bakuli, bakuli unalipachika juu ya sufuria ya maji ya moto, maji yasiguse bakuli. Iyeyuke polepole. Ikipata moto mwingi inaungua na kunuka. Ikipoa vibaya inapauka juu kama ngozi isiyopakwa mafuta. Na likiingia tone moja tu la maji, yote inashikana mabonge, huchovyi kitu tena.

"Tone moja, iwe," Mpishi Mkuu aliniambia, akiushika mkono wangu uliolowa. "Kausha vijiko, kausha mikono, kausha hata mawazo yako."

Kwa hiyo tulichovya biskuti moja moja kwa uma, tukazipanga kwenye karatasi iliyopakwa siagi, na kuzitia kwenye kabati la nyavu ambalo miguu yake ilisimama ndani ya makopo ya maji, sisimizi wasipande. Nusu ya siku imekwisha. Memsahibu anakuja, anainua moja, anaigeuza.

"Yoramu! Wewe nachovya nyingi sana. Hii iko chokoleti tu."

Jumamosi ya pili nachovya kidogo.

"Yoramu! Wewe naficha chokoleti wapi?"

Ya tatu nachovya nusu, upande mmoja mweusi, upande mmoja mweupe. Akaiinua kwenye mwanga. Nikadhani nimepata. Akasema, "Iko kama haijaisha." Nilitoka nje nikapasua kuni ambazo hakuna aliyezihitaji.

Katika hali hiyo ndipo nikataka kuoa. Binti alikuwa Rahel, wa kwetu Isansa, tuliimba naye kwaya moja kabla sijaenda kazini. Yeye na mimi tulikwisha kukubaliana. Aliyebaki ni baba yake, Mzee Lazaro, mzee wa kanisa, mtu mrefu asiyecheka hovyo. Washenga wangu walikwenda wakarudi na jibu moja: mwenye posa aje mwenyewe aseme anafanya kazi gani.

Nikaenda. Nikapiga magoti, nikapiga makofi ya heshima kama desturi yetu.

"Wenzako wa rika lako wako Chunya kwenye dhahabu," Mzee Lazaro akasema. "Wengine wanaendesha ng'ombe mpaka ng'ambo ya mpaka. Wewe nasikia uko jikoni."

"Ndiyo, baba. Ni mpishi."

"Unapika nini huko ambacho mke wangu hawezi kupika?"

Sijui kwa nini sikutaja nyama ya kuoka au mkate. Ulimi wangu ukatoka na biskuti za chokoleti. Nikazieleza, na kadiri nilivyozieleza ndivyo zilivyozidi kusikika kama upuuzi. Rahel alikuwa amesimama nyuma ya mlango, nikaona kanga yake imetulia kabisa.

"Njoo uzipike hapa," mzee akasema. "Nione kazi yenyewe. Nikiona ni kazi, tutaongea. Nikiona ni mchezo wa watoto, usirudi."

Memsahibu alipopata habari alifurahi kuliko ilivyostahili. Alinipa ruhusa, akanipa unga wa ngano, siagi, na pande la chokoleti lililokuwa limepauka. Yeye na mimi tulijua haijaharibika, ila hakutaka kuwawekea wageni. Mpishi Mkuu akanifungia sukari iliyokwisha kutwangwa. Ni mara moja tu katika miaka yote nilipomwona ametwanga mwenyewe.

Basi fikirini jiko la mama mkwe. Moshi, mafiga matatu, sufuria kubwa ya kuazima. Nikatandika mchanga ndani ya sufuria, juu yake bati dogo la biskuti, nikafunika na kuweka makaa juu ya mfuniko. Hiyo ndiyo tanuri ya asiye na tanuri, na inaoka vizuri kabisa ikiachwa. Haikuachwa. Mama yake Rahel alifunua aone. Majirani walikuja kusalimia na kila mmoja akafunua aone. Kila mfuniko ukiinuliwa moto unatoka na majivu yanaingia.

"Mama, naomba tusifunue," nikasema kwa adabu.

"Sifunui, baba, nachungulia tu."

Zikatoka nyingine zimeiva, nyingine zimepauka, chache zina majivu. Nikazibandika kwa krimu hivyo hivyo. Nikaanza kuyeyusha chokoleti kwenye bakuli la udongo. Ilianza vizuri. Ikalainika, ikang'aa, harufu yake ikaenea mpaka uani, na watu waliokuwa wakiongea uani wakageuza shingo. Nikageuka kuchukua uma.

Nyuma yangu alikuwepo shangazi yake Rahel, Malita. Mama huyu alikuwa mwema, na wema wake ulikuwa wa hatari. Alikwisha kuhesabu watu waliojaa uani, akaangalia bakuli, akaona haitoshi. Kwa hiyo akafanya kama anavyofanya mchuzi usipotosha. Alianza kumimina kikombe cha maji.

Niliyasikia maji kabla ya kuyaona. Chokoleti ilikwama, ikawa mabonge kama udongo wa kufinyangia uliokauka.

"Shangazi, umefanya nini?"

"Nimeiongeza, mwanangu. Watu ni wengi."

Ndugu zangu, nilikuwa nimevumilia Memsahibu. Nilikuwa nimevumilia "iwe" kutoka asubuhi mpaka jioni. Lakini pale, na maisha yangu yote yakiwa ndani ya bakuli lile, uvumilivu uliniishia. Nikasimama.

"Tokeni!" nikasema. "Wote. Mama, shangazi, majirani, tokeni nje. Anayechungulia achungulie nyumbani kwake. Rahel, wewe baki. Lete maziwa, yale ya mtungi wa ndani, yenye mafuta. Nipe siagi iliyobaki. Kausha mwiko. Nimesema kausha!"

Wakatoka. Wakwe zangu watarajiwa wakatoka jikoni mwao wenyewe, wakifuatana. Nilipotulia kidogo nikaelewa nilichofanya. Mwanaume hamfukuzi mama mkwe hata kwenye shamba la mtu mwingine.

"Umekwisha," Rahel akaninong'oneza, mwiko mkononi. Kisha akasema, "Maziwa yote au nusu?"

Chokoleti iliyokwisha kunywa maji kidogo, dawa yake ni kuilainisha zaidi kwa kitu chenye mafuta, ukikoroga bila kuchoka. Hairudi kuwa ya kuganda. Inakuwa laini, nzito, kama uji wa ulezi. Tulipokezana kukoroga. Ikarudi kung'aa. Tukachovya biskuti moja moja, tukazipanga juu ya majani ya mgomba, na kama nilivyojua, hazikuganda. Zilikaa pale zikiteleza, zikimchafua kila aliyezigusa.

Nikampelekea Mzee Lazaro nikiwa nimepiga magoti, nikiangalia chini. Alichukua moja. Akala. Vidole vyake vikawa vyeusi, ndevu zake nazo. Akachukua ya pili.

"Sauti niliyoisikia jikoni ilikuwa ya nani?" akauliza.

"Yangu, baba. Naomba msamaha."

"Mimi nilidhani jikoni mtu anatumwa." Akajifuta ndevu, akazichafua zaidi. "Kumbe huko kuna kuamuru, na kuna kuharibikiwa, na mtu anarekebisha watu wakimtazama. Hiyo ni kazi." Akamgeukia dada yake. "Malita, usiingie tena jikoni mwa fundi."

Shangazi Malita aliniambia mpaka anafariki kwamba bila maji yake zisingetosha. Harusi ilifanyika baada ya mavuno ya kahawa. Ilitakiwa nipike mimi. Nilikataa kabisa.

Vita vilipoanza chokoleti ikakatika, na unga wa ngano ukawa wa shida. Sitaki kusema nilifurahia vita, watu wetu walichukuliwa na wengine hawakurudi. Nasema tu kwamba mikono yangu ilipumzika. Mpishi Mkuu alirudi kwao, na bwana mwenye shamba akapunguza watumishi, kwa hiyo nikahamia Tunduma kumpikia Bwana wa Forodha, Mzungu kijana asiye na mke, aliyekagua mizigo mpakani. Baada ya vita chokoleti ikarudi, naye akaikumbuka haraka mno.

Memsahibu angalau alilalamika kazi ikiisha. Bwana wa Forodha alikuja kusimama jikoni. Alisema mama yake alizoea kutengeneza biskuti zile nyumbani kwao, na alikumbuka kila kitu ila vipimo, namna na mpangilio. Siku moja alizipanga dirishani ili Bwana Mkubwa wa Wilaya azione akiingia. Jua la mchana wa Oktoba likaziona kwanza.

"Yoramu," akaniita, "zimekuwa supu."

"Ndiyo, bwana. Nilisema zikae kabatini."

"Ulisema?"

"Jana, na leo asubuhi."

Alicheka, nami sikucheka. Wageni walizila kwa kijiko.

Nilimpikia yeye, na waliomfuata, mpaka macho yalipoanza kunisumbua na nikashindwa kujua biskuti imeiva au imeungua bila kuinusa. Wakati ule habari za Uhuru zilikuwa zimeanza kusemwa sokoni. Nikaaga, nikarudi Isansa kwa Rahel, ambaye miaka hiyo yote alilima, akalea watoto, na akanipokea kila likizo.

Watu huniuliza kazi ile ilikuwa na faida gani. Kitu unachokitengeneza kutwa kinamezwa kabla chai haijapoa, na anayekimeza ndiye anakuambia kilikuwa kikavu. Fundi seremala anaonyesha mlango alioutengeneza ujanani. Mimi sina cha kuonyesha. Ninachojua ni kwamba nilijifunza kutorusha bakuli, na hilo peke yake lilichukua muda mrefu kuliko krimu.

Jambo lililonishinda ni nyumbani. Nilidhani nikistaafu nitampumzisha mke wangu, nimpikie. Hakutaka. Nikigusa sufuria, anainyang'anya. Nikisogea mafigani, ananiuliza kama nimepotea njia. Nilikaa uani kama mgeni katika nyumba niliyoijenga, nikinusa vitunguu vikiungua kidogo, nikiuma meno.

Msimu mmoja wa baridi Rahel akaugua kifua, akalala. Hapo hakuwa na nguvu za kunifukuza. Nikawasha moto, nikapika uji wa ulezi kwa maziwa na chumvi kidogo, nikaukoroga kwa uangalifu ambao hata Bwana Mkubwa wa Wilaya hakuupata. Nikampelekea kitandani. Alikunywa kidogo, akanitazama.

"Chumvi imezidi," akasema.

Maneno yakanijaa mdomoni, ya miaka yote ile, ya kila Jumamosi. Nikachukua kijiko, nikaonja.

Ilikuwa imezidi kweli. Nikaenda kupika mwingine.