Kwaya Ilipovuka Ziwa

Nilipelekwa shule na mjomba, si na mama, na hilo sikulisamehe kwa muda mrefu. Baba alikuwa amefariki upande wa Kongo, alikokuwa fundi wa boti, na kwa desturi ya kwetu watoto ni wa ukoo wa mama. Basi kaka yake mama alivuka Ziwa Mweru, akanishika mkono, akanileta upande wa Nchelenge kwenye shule ya bweni ya wasichana. Mama alibaki kule na mtoto mchanga mgongoni. Ndugu za baba walikuwa hawajamfanyia ile mila ya kumfungua ujane, na mjane ambaye hajafunguliwa hapandi chombo kwenda popote. Ilikuwa miaka ya hamsini, upande huu wa Waingereza na ule wa Wabelgiji, na mimi nilijiona sina upande.

Mjomba hakukaa. Pale langoni mwalimu wa zamu alimuuliza kama nimebatizwa, kisha akamuuliza mimi ni wa ukoo gani. "Wa Samaki," mjomba alijibu kwa Kibemba, kwa sauti ya mtu anayenadi bidhaa. Wasichana waliokuwa wakifagia uwanja wakainua vichwa. Halafu akanikabidhi kifurushi cha mihogo mikavu, akaenda zake. Kuhusu huo ukoo hakunieleza lolote. Kwake hayo yalikuwa mambo ambayo mtoto hunyonya pamoja na maziwa. Lakini mimi nilikulia kwenye kambi ya wafanyakazi, kati ya watu wa kila kabila, ambako tulizungumza Kiswahili na mtoto alijulikana kwa kazi ya baba yake.

Shuleni mambo yote yalikuwa kwa Kibemba, isipokuwa darasani, ambako yalikuwa kwa Kiingereza. Kiswahili kilikuwa lugha ya kununulia samaki. Nilipofungua mdomo, wenzangu walitabasamu kana kwamba nimeleta beseni langu la sokoni bwenini, nami nikaacha kuufungua. Siku nzima ingeweza kupita sijasema neno ila "nipo" wakati wa kuitwa majina. Ukinyamaza namna hiyo unaanza kujisikia unavyotafuna.

Baada ya masomo tulitakiwa kujiunga na shughuli: netiboli, kushona, mdahalo au kwaya. Kwenye netiboli nilisimama chini ya lile duara la chuma lililotolewa kwenye pipa, mikono tayari, na mpira haukunijia mpaka filimbi ikapigwa. Kwenye mdahalo nilipiga makofi wengine walipopiga, na siku moja nikapiga peke yangu. Nikaingia kwaya kwa sababu do, re, mi haina kabila. Hapo niliweza. Sauti yangu ya pili ilikuwa safi, nasema bila haya, na mwalimu wa kuimba alinisogeza mstari wa mbele.

Msichana mmoja tu ndiye aliyejua Kiswahili vizuri, kwa kuwa baba yake alinunua samaki kule Mununga kwa wavuvi wa kutoka ng'ambo. Na huyo alikitumia kunitukana. Asubuhi yangu ya kwanza alinipita kwenye foleni ya uji akasema, "Weye samaki, unanuka! Mi niko Mamba. Leo nitakutafuna na miiba yako yote." Foleni nzima ilicheka. Mwalimu wa zamu naye alicheka, na hicho ndicho kilichonichoma. Nililia ndani ya kikombe changu cha uji.

Aliendelea kila siku. Nina kichwa cha kambale. Mama yangu alinitaga, hakunizaa. Lakini huyo huyo mwenye matusi alinitwisha ndoo tulipokwenda kuchota maji ziwani, na nilipopata homa alileta karanga zake akazimenya, akanilisha moja moja huku akiniambia nife haraka apate nafasi kitandani. Nilimtazama nikajaribu kumwelewa. Mwisho nikaamua kwamba nimeielewa nchi hii: huku, urafiki huanzia kwenye tusi. Unamtukana mtu mbele za watu, wanacheka, kisha mnagawana karanga. Nilijiona mjanja sana.

Muhula ulipokuwa ukielekea mwisho, mwalimu wa kuimba alitutangazia kwamba kwaya imealikwa kuimba kanisani ng'ambo, upande wa Kongo. Alipoutaja mji, masikio yalinivuma. Ndiko alikokuwa mama. Kutoka gatini hadi kwenye ua alimofungiwa ni mwendo wa kutembea tu. Lakini boti ya misheni ilikuwa ndogo, isingetubeba sote, na mwalimu alisema wa kwenda watachaguliwa na kiongozi wa kwaya.

Huyo kiongozi alikuwa msichana mkubwa wa darasa la mwisho, mrefu, mkimya, ambaye hata kuku wa jikoni walimpisha. Mara nyingi nilimkuta akinitazama. Hakuniambia kitu, aliniangalia tu kama mtu anayengoja, na mimi kwa uoga niliangalia chini nikapita. Sasa niliona lazima anipende, tena upesi. Nikatafuta tusi.

Nilihangaika nalo kwa siku kadhaa, nikiliunga kwa Kibemba changu cha kuombea chumvi. Siku ya mazoezi, kwaya nzima ikiwa imesimama, kiongozi alipita mbele yangu kusikiliza sauti. Nikakohoa nikasema, kwa nguvu ili wote wacheke: "Wewe una sauti ya chura, na mama yako alikuzaa kwenye matope!"

Nikatabasamu, nikingoja kicheko. Hakuna aliyecheka. Mtu mmoja nyuma yangu alivuta pumzi. Kiongozi alisimama pale pale, macho yakamjaa maji, akaenda mwisho wa mstari akaanzisha wimbo unaofuata. Mazoezi yalipokwisha alichagua wa kwenda kwa kuwagusa bega. Aliponifikia mimi mkono wake uliniruka ukamgusa wa pembeni yangu.

Kabla ya hapo nilikuwa mpweke kwa sababu ya lugha. Baada ya hapo walijitenga nami kwa makusudi. Kwenye meza waliacha nafasi kila upande wangu, na aliyetaka chumvi alizunguka meza nzima asiniombe. Ni yule Mamba tu aliyenifuata kwenye njia ya ziwani, kakasirika, hana mzaha hata kidogo.

"Weye uko mujinga? Juu ya nini ulimutukana yule?"

"Wewe unanitukana mimi kila siku," nilimjibu, "na wewe ni rafiki yangu."

"Mi niko wa Mamba! Mamba na Samaki banatukanana, ni mila ya bankambo, babu zetu ba zamani. Siku mutu wa kwenu anakufa, ni mi nitakuja kupika na kuzika, na kukuchekesha pale unalia. Lakini yule iko wa Samaki, sawa weye. Ni yaya yako! Mama yake ni mama yako. Sasa ulitukana mama ya nani?"

Nilitua ndoo chini. Yaya ni dada mkubwa. Muhula mzima shule ile ilikuwa na dada yangu ndani yake, aliyesikia ukoo wangu ukitajwa langoni, akangoja mdogo wake aje apige magoti amsalimu, na mimi nilimpita nikiangalia chini. Nilimkasirikia mjomba, nikamkasirikia mama, nikamkasirikia marehemu baba na kambi yake. Hakuna hata mmoja aliyenifundisha jambo ambalo kila mtoto wa hapa alilijua kabla ya kuota meno.

Mamba alinipeleka kwa kiongozi jioni ile. Alisema hiyo ni kazi ya mtani, kutangulia na kupoza moto. Akaingia akipayuka kwamba samaki wawili wakigombana mamba hahitaji kuwinda, na kiongozi, ambaye naye alikuwa mtani wake, alishindwa kuzuia tabasamu. Nikapiga magoti, nikapiga makofi ya heshima, nikaomba radhi kwa kile Kibemba changu. Hakunicheka. Aliniinua akanikalisha kitandani pake.

"Nilikungoja tangu siku ya kwanza," alisema polepole ili nielewe. "Nilidhani umenikataa."

Nikamweleza habari za mama, na kwa nini nilitaka mno kwenda. Alisikiliza mpaka mwisho, akainama.

"Ningalijua," alisema. "Lakini sasa umenipigia magoti, na wote watajua umekuwa mdogo wangu. Nikimtoa mtu kwenye boti nikuweke wewe, watasema nimependelea damu yangu, na watasema kweli."

Alipokuwa si kitu kwangu, sauti yangu ingenifikisha kwa mama. Sasa alikuwa dada, na udada wenyewe ndio ulionizuia. Nilimchukia, na palepale sikutaka anitoe mkono begani.

Siku ya safari shule nzima ilishuka ziwani kuwaaga. Kulikuwa na upepo kidogo, na wanakwaya walikunja sketi zao nyeupe magotini waingie majini. Nilisimama nyuma ya wote. Kiongozi alikuwa wa mwisho kupanda. Alishika ubavu wa boti, kisha akauachia, akarudi akiwa amelowa mpaka mapajani, watu wakampisha hadi nilipokuwa. Akaniambia kwa Kiswahili kile cha sokoni, ambacho sikuwahi kumsikia akikitamka:

"Mama yetu, mi nitamuambia nini?"

Nilikuwa nimeyaweka mengi. Nilitaka mama ajue kuhusu homa, kuhusu mpira usionijia, kwamba naimba sauti ya pili mstari wa mbele, na kwamba hakunifundisha kitu. Mwalimu wa kuimba alikuwa akimwita kutoka kwenye boti, na injini imekwisha kuwashwa. Dada yangu hakugeuka. Alisimama akiningoja niseme.

"Mwambie aje," nikasema. "Mwambie hata kama hawajamfungua, aje."