Mahakama ya Ng'ambo ya Daraja

Roswitha Huck aliuza sigara mjini Kehl, karibu na kituo cha tramu. Wateja wake wengi walikuwa Wafaransa waliovuka mto Rhine kufuata bei nafuu. Naye alivuka kwenda kwao kununua mkate na jibini. Kwake Strasbourg, mji wa ng'ambo ile, haikuwa nchi ya kigeni. Ilikuwa soko lake.

Kwa hiyo mahakama ya jimbo iliporuhusu mwanawe Falk, dereva wa lori, akabidhiwe kwa nchi nyingine ya Umoja wa Ulaya iliyomtaka kwa kesi ya magendo, Roswitha alijua pa kwenda: mahakama ya haki za binadamu ya Ulaya, iliyoko Strasbourg. Magereza ya nchi iliyomtaka Falk yalijaa hata wafungwa wakalala kwa zamu. Wakili wao, Nurcan Öztekin, alitaka kupeleka lalamiko Karlsruhe, kwenye Mahakama ya Katiba ya nchi yao, kabla mwezi mmoja unaoruhusiwa haujaisha.

"Nianze na mdogo wakati mkubwa ni jirani yangu?" Roswitha alimuuliza Margot, mwenzake wa dukani.

"Nenda, shoga. Ukirudi niletee jibini."

Falk, aliyezoea kumsikiliza mama hata akiwa mahabusu, akamwambia wakili asubiri.

Roswitha akapanda tramu na bahasha ya hati za kesi. Kwanza aliingia jengo kubwa la vioo, akaambiwa hilo ni Bunge la Ulaya, wao hawahukumu mtu. Mahakama aliikuta ng'ambo ya maji. Mlinzi mzee alimjibu kwa Kialsasi, lugha inayofanana na ya kwao Kehl, na moyo wake ukatulia kidogo.

"Mama, hapa watu hutuma kwa posta."

"Kwa posta? Mimi nakaa hapo tu!"

"Hata ungekaa kwenye ngazi hizi. Na watakuuliza kama umemaliza mahakama za kwenu. Karlsruhe umefika?"

"Si nyinyi wakubwa wao?"

Mlinzi akacheka. "Bibi wee! Ukiwauliza wa Karlsruhe, hawana mkubwa. Ukiuliza Luxembourg, mkubwa ni Luxembourg. Mimi nafungua geti tu."

"Luxembourg nako kuna nini?"

"Mahakama nyingine, ile ya Umoja wa Ulaya."

Alirudi bila jibini. Akampigia wakili, akamweleza alikotoka.

"Bi Huck, nilikwambia hizi si ghorofa za nyumba moja!" Nurcan alifoka, kisha akashusha sauti. "Muda haujaisha. Lakini umebaki kidogo mno. Mwambie Falk aseme ndiyo leo hii."

Falk alisema ndiyo, na lalamiko likafika Karlsruhe siku ya mwisho. Majaji kwanza walizuia Falk asisafirishwe. Baadaye uamuzi ukatoka, na Nurcan akaja nao dukani.

"Mahakama ya jimbo haikuuliza vya kutosha juu ya chumba cha gereza atakachowekwa Falk. Uamuzi wake umefutwa."

"Kwa Katiba yetu?"

"Hapana. Kwa Mkataba wa Haki za Msingi wa Umoja wa Ulaya."

"Wa Luxembourg?"

"Ndiyo, hao ndio huufasiri, ila kipimo cha chumba majaji wamekichukua Strasbourg."

Roswitha alishika kaunta. "Kumbe Strasbourg wamo!"

"Wamo. Ila hukutakiwa kuanza nao."

"Sasa tumeshinda au hatujashinda?"

"Kesi inarudi mahakama ya jimbo, waulize upya. Wakipata majibu mazuri, wanaweza kumkabidhi."

Margot alisonya. "Majaji wote hao, na bado ni kuuliza!"

Alasiri ile Roswitha alikwenda mahabusu. Falk alikuwa amekonda, ndevu zimemjaa. Akamuuliza mama kama wameshinda, lile lile ambalo mama alikuwa amemuuliza wakili. Mama alijaribu kupanga miji ile mitatu kinywani, Karlsruhe, Luxembourg, Strasbourg, ikampotea mmoja mmoja.

"Sijui, mwanangu," alisema. "Ila wiki hii hawakuchukui. Hilo nimelielewa. Kula basi, umekonda."