Nimerudi na Sauti ya Tatu

Sabato njema, ndugu zangu. Naitwa Kwamboka. Nauza ndizi soko la Mosocho, na wengi wenu mlinijua kwa kelele kabla ya kunijua kwa sura. Kwenye kwaya nilikuwa sauti ya kwanza. Nikipanda juu, kina mama wenzangu walikuwa wananiachia njia, na kusema kweli nilipenda sana kuachiwa.

Kisha shingo ikaanza kuvimba. Mwanzoni nilidhani nimenenepa, nikafurahi. Uvimbe ukakua hadi ukubwa wa parachichi. Ugali ukawa unakwama kooni, nausukuma kwa maji. Nikilala chali nakosa pumzi. Mume wangu akasema, "Mama Moraa, hii si ya kufunika na leso tena. Twende hospitali."

Daktari alinipapasa shingo, akanipima damu, akanipiga picha. "Ni goita. Si saratani, lakini inabana koo. Tutaitoa."

Nikamuuliza jambo moja tu: "Nitaimba?"

"Mshipa unaoendesha sauti unapita hapo hapo," akasema. "Nitauchunga, lakini siwezi kukuahidi." Nililia mbele yake bila aibu.

Nilipoamka baada ya upasuaji, koo lilikuwa linawaka, mrija unatoa damu shingoni, na nilipofungua mdomo ilitoka pumzi tupu. Kwa wiki nyingi nilinong'ona. Maji yalinipalia kila nilipokunywa. Sokoni wateja walifikiri nimewanunia.

Sauti ilirudi polepole, ikiwa nzito. Kwaya ilikuwa inajiandaa kwa makambi, mikutano yetu mikubwa ya kanisa ya kila mwaka, nami nikarudi mahali pangu. Nilipojaribu kupanda, sauti ilipasuka kama ya jogoo anayejifunza kuwika. Rafiki yangu Kerubo akaninong'oneza, "Wewe fungua tu mdomo, sisi tutaimba. Nani atajua?" Alisema kwa upendo, lakini nilienda nyumbani nimevunjika moyo. Mimi ningejua.

Siku moja nilikuwa jikoni nachambua mboga za chinsaga, nikawa naimba bila kujilazimisha, pale chini sauti ilipotaka kukaa. Mama mkwe akatokea mlangoni na fimbo yake. "Kwamboka, ni mwanaume gani umemficha huku?" Tulicheka hadi nikashika kovu langu. Hapo ndipo nilipotambua kwamba sauti ninayo, na inatoka vizuri kabisa.

Mazoezini nikamwambia mwalimu wa kwaya, "Niweke sauti ya tatu."

"Dada, huko ni kwa wanaume. Watu watacheka."

"Wacheke. Wewe nisikilize kwanza."

Nikaimba ubeti mzima. Wanaume wakaacha kunong'onezana. Mwalimu akakuna kichwa, akasema, "Haya, simama na hao."

Siku ya makambi watu walicheka kweli nilipopanda jukwaani na wanaume. Tulipofika kiitikio, waliocheka walikuwa wanaimba nasi. Nilijisikia mzima, mzima kuliko hata kabla ya kuugua.

Namshukuru Mungu, daktari na watu wa nyumbani kwangu. Ukiona uvimbe shingoni, usiufunike, nenda ukapimwe. Na ukipona ukajikuta umebadilika, usijifiche ukingoja kuwa yule wa zamani. Imba na ulichobaki nacho.

Nanyi wanaume wa sauti ya tatu, Sabato ijayo sogeeni kidogo. Gauni langu ni pana, na siondoki hapo.