Nani Kaidhinisha kwa Jina Langu?

Leo nimegundua nimeidhinisha dhuluma, na wala sikuwepo.

Chama chetu cha wakulima kina programu ya kupanga zamu za trekta. Tunaiandika watatu. Badiliko la mmoja haliunganishwi na programu mpaka mwenzake alisome na kuliidhinisha.

Asubuhi mama mmoja wa Kwamsisi kanipigia. "Baba Zaina, mvua ndizo hizi. Mbona kijiji chetu hatumo? Tulime kwa kucha?"

Nikafungua historia ya programu, nikapekua mabadiliko yaliyounganishwa, moja baada ya jingine.

Nikalikuta. Limeandikwa "marekebisho madogo". Ndani yake Kwamsisi nzima imefutwa!

Mwandishi: Hamza, mwenzetu wa Kabuku.
Aliyeidhinisha: mimi.

Mimi? Siku hiyo nilikuwa mazikoni Kwashemshi, simu haishiki mtandao.

Nikampigia Hamza.

"Shikamoo kaka."
"Marahaba. Nani kaidhinisha kwa jina langu?"
"Si uliniachia pasiwedi? Ukipanda milimani hupatikani."

Ni kweli. Ndivyo tulivyozoea: anayesafiri humwachia pasiwedi aliye na mtandao. Tukauita ushirikiano!

"Na Kwamsisi?"
"Ilifutika kwa bahati mbaya, kaka."

Bahati mbaya gani hiyo, iliyoipandisha Kabuku ikawa ya kwanza kulimiwa?

Kwamsisi nimeirudisha. Pasiwedi nimebadilisha. Sasa Hamza kanuna: "Kaka, ina maana huniamini?"

Simwamini hata kidogo, na nimemwambia hivyo hivyo.

Haya, nanyi mnaosoma: pasiwedi zenu ziko kwa nani?