Undugu wa Matusi

Watu waliokuja kutuzikia mama yetu walikuja wakitutukana. Ndui ilikuwa imemchukua baba, kisha ikamfuata mama, na majirani waliogopa hata kupita njia ya nyumba yetu. Siwalaumu, nao walikuwa na watoto. Mimi nilikuwa binti mkubwa, nyuma yangu wadogo watatu, na maiti ya mama ilikuwa ndani hatujui la kufanya.

Wakatokea Wanyamwezi. Walikuwa wakikata mkonge katika shamba la Mdachi mmoja ng'ambo ya mto, upande wa Korogwe, na habari iliwafikia hukohuko. Sisi Wazigua na wao ni watani. Mtani anaweza kukutukana usikasirike, anaweza kubeba kuku wako bila kuomba, na ukifiwa ni lazima aje akuzike. Walichimba huku wakimsema mama kwamba amekimbia kupika. Kaburi lilipokuwa tayari, mmoja wao, kijana mrefu mwenye pengo la meno ya mbele, alishuka akajilaza ndani, akasema hatoki mpaka apewe jogoo, maana pale palikuwa pazuri kuliko kambi ya nyapara. Mdogo wangu wa mwisho akacheka. Nikamkamata jogoo nikampa.

Mwaka huohuo niliacha shule ya misheni. Mwalimu alituma mtu kuniita, nami nikamrudisha na ujumbe kwamba jembe halilimi lenyewe. Nilikuwa nimeshajua kusoma na kuandika, ikabidi hiyo itoshe.

Mjomba wangu alihama kutoka Kwamndolwa akaja kuishi nasi. Ujanani alikuwa mpagazi, ametembea na misafara ya Wadachi, na alijua namna ya kusema mbele yao. Ndiyo sababu watu wa mkonge walianza kuja nyumbani kwetu. Walikuwa watu wa bara, mbali na kwao, na shida yao ilikuwa karibu moja: mkataba umekwisha, nyapara anakataa kuwaachia. Kwenda bomani peke yao waliogopa. Mtu wa bara akisimama peke yake barazani, karani alimwuliza jambo moja, akababaika, kesi ikaisha hapo.

Mjomba alikaa juu ya kinu kilichopinduliwa akajifanya bwana shauri, yule Mdachi wa kuamua kesi bomani, na wao wakasimama mbele yake wakijifunza. Simama wima. Usichuchumae. Usiape kwa mizimu, atakucheka. Usimtazame nyapara hata akikohoa. Aliuliza maswali makali kuliko ya bomani, na aliyekosea alianza upya. Siku ya shauri ilipofika alikwenda na mwenye shauri mpaka Handeni, na akasema pale ambapo mwenyewe ulimi umemkauka.

Hakupokea kitu. Mmoja alimletea mbuzi baada ya kuachiwa, mjomba akamrudisha na mbuzi wake, akisema siku atakayoonekana na mbuzi, bwana shauri atasema pale kwetu wanauza maneno. Lakini safari ya Handeni ilihitaji chakula, na hilo kijiji kilibeba. Nyumba hii ilitoa unga wa muhogo, ile ikatoa kisamvu. Wanawake wa Kishambaa walioshuka kutoka Vugiri kuuza maharage walituachia kibaba, wakatia na maneno ya kutucheka kwamba Wazigua wamepata kazi ya kulisha Wanyamwezi. Mimi nilisonga bada, ugali wetu wa muhogo, na kuifunga majanini.

Akida, mkubwa aliyewekwa na serikali kwetu, hakupenda. Alikuja siku moja na mwavuli wake, akamwambia mjomba kwamba kuwasemea watu wa bara ni kazi ya serikali. Mjomba alimjibu taratibu kwamba kodi ya nyumba amelipa, na kodi ya mdomo bado hajasikia mbiu yake. Akida akaondoka bila kuaga.

Yule mtani aliyejilaza kaburini alimaliza mkataba wake, na hakutaka kurudi bara. Alijenga kibanda nyuma ya shamba letu, akalima mtama, akatulimia na sisi. Nyapara hakuridhika. Wakati ule bwana shauri wa Handeni alikuwa ametoa amri kwamba mtu wa bara aliyemaliza mkataba arudi kwao au arudi shambani, isipokuwa kama ana ndugu katika nchi hii wa kujibu kwa ajili yake. Nyapara akampelekea neno kwamba mtu huyu ni mtoro, hana ndugu Uziguani kote. Mtani akaitwa bomani. Akishindwa, angepelekwa mkongeni siku hiyohiyo.

Mjomba alimfundisha jioni nyingi. Tulikwenda wengi, na mimi nilikuwa na kikapu cha chakula kichwani. Njia nzima wale wawili walikuwa wakitukanana. Mjomba alimwambia akirudishwa mkongeni mashamba yetu yatapumua. Mtani alimwambia mzee kama yeye aanze kuchagua mahali pa kaburi, yeye atakwenda kupima urefu.

Barazani kila kitu kilikwenda vizuri mpaka swali dogo kuliko yote. Mtani alisimama wima, alijibu polepole, nyapara alikohoa na hakutazamwa. Kisha bwana shauri akamgeukia mjomba, akasema kwa Kiswahili chake cha kukatakata:

"Mzee, huyu ni nani kwako?"

Ni swali ambalo hatukulifanyia mazoezi, kwa sababu hakuna Mzigua wa kuulizwa swali hilo akakosa jibu. Mjomba akafungua mdomo, na mdomo ukaenda njia uliyoizoea.

"Huyu, bwana? Huyu ni mwizi. Kuku wangu wote wako tumboni mwake."

Na mtani, badala ya kunyamaza, akasema, "Kuku gani, mzee? Wale waliokonda kama shingo yako?"

Watu wetu waliokaa chini wakacheka. Bwana shauri hakucheka. Nyapara alisogea mbele.

"Bwana umesikia mwenyewe," akasema. "Mwizi, na amekiri."

Niliona uso wa mjomba ukibadilika. Tulikuja kumwokoa na mkonge, sasa tumemwongezea mnyororo. Mjomba akaanza kueleza kwamba ni utani. Karani, mtu wa pwani, akatafsiri kwamba walikuwa wakifanya mzaha, na bwana shauri akasema barazani kwake hakuna mzaha, akamwashiria askari.

Nikasimama. Hakuna aliyenituma, na kikapu kilikuwa bado mkononi.

"Bwana, ni ndugu yetu," nikasema. "Ndiyo maana anatukanwa."

"Mwizi ni ndugu yako?"

"Mwizi wa kweli tungemleta amefungwa kamba. Huyu tumemleta na chakula." Nikamwonyesha kikapu. Nikaona bado ananitazama, nikaendelea kabla hajanikalisha. Nilimwambia kwamba maneno yale mjomba hawezi kumwambia mtu baki, hata kwa bahati mbaya, kwa kuwa mtu baki angekasirika. "Kama bwana haamini, mruhusu mjomba amwambie nyapara vilevile."

Bwana shauri akamgeukia mjomba, akafanya ishara ya mkono, sema. Mjomba hakusubiri ishara ya pili. Alimgeukia nyapara, akamwinamia kwa heshima.

"Wewe ni mwizi," akasema. "Kuku wangu wote wako tumboni mwako."

Nyapara aliruka na kiboko juu. Askari alimshika mkono ukiwa umeshafika usoni kwa mjomba. Nyapara alipiga kelele kwamba hajawahi kutukanwa na mshenzi, kwamba mzee huyu atalipa, na mtani wetu peke yake, katikati ya hofu ile yote, alikuwa amejiziba mdomo anacheka.

Bwana shauri akaamuru watu wakae. Akasema Mnyamwezi atabaki, lakini kama ni ndugu, basi ndugu hujibu. Akitoroka, mmoja wetu atakwenda kufanya kazi mkongeni badala yake. Mjomba akainua mkono. Bwana shauri akasema shamba halina kazi na mzee.

"Mimi," nikasema.

"Una mume?"

"Sina. Nina wadogo watatu."

"Ukichukuliwa, nani atawalisha?"

"Sitachukuliwa, bwana, kwa sababu hatatoroka."

Karani akaandika. Kisha bwana shauri akamfunga mjomba siku mbili za kufyeka nyasi za boma, kwa kumtukana mtu barazani, ingawa ruhusa aliitoa yeye mwenyewe. Hatukuondoka. Tulilala kwa watu wa Handeni ambao hatukuwajua, wakatupa mikeka na uji, na mchana tulikwenda kukaa ng'ambo ya njia mjomba atuone. Alifyeka kama anafyeka shamba lake. Alipotoka alisema neno lile alikuwa akitamani kumwambia nyapara tangu zamani, na siku mbili ni bei nafuu.

Nilidhani tumeshinda, na tulishinda. Lakini dhamana ile ilikuwa na uzito ambao sikuupima siku ya baraza. Tangu hapo mtani hakwenda popote. Akienda mtoni akachelewa, watu walinitazama. Yeye mwenyewe alijifunga kuliko ambavyo nyapara angemfunga. Habari ikaja na wapagazi kwamba mama yake, huko Unyamwezi, anaumwa na anamtaja. Hakuniambia. Nilisikia kwa mdogo wangu.

Nilimfuata kibandani nikamwuliza anangoja nini. Akasema mama ana watoto wengine. Nikamwambia aache uongo.

"Wakija kukuchukua je?" akaniuliza, na safari hii hapakuwa na utani ndani yake.

"Sikukusemea Handeni ili uwe mfungwa wangu," nikasema. "Nenda kamwone mama yako. Ukirudi, mtama wako utakuwa umevunwa, na nusu nitakuwa nimekula."

Aliondoka na chakula nilichomfungia. Alirudi mwishoni mwa masika, amemzika mama yake, amekuja na mke. Lakini siku akida alipokuja na askari wawili na kusimama uani kwangu, alikuwa bado hajarudi. Wadogo zangu walitoka wakasimama nyuma yangu.

"Mtani wako yuko wapi?"

"Shikamoo, akida," nikasema. "Amekwenda kwao kumwona mama yake."

"Ametoroka."

"Mtu anayetoroka haagi. Huyu ameaga kijiji kizima. Waulize."

Akasema hana haja ya kuuliza, neno langu liko bomani na karani ameliandika, na ninajua maana yake. Nikamwambia najua, nilikuwepo. Akasema basi nijitayarishe, atakuja kunichukua wiki ile ile.

"Wiki hii siwezi," nikamwambia. "Kuna watu wawili wa mkonge wana shauri Handeni, na mjomba mguu unamsumbua. Mimi ndiye nitakayewasemea. Ukinitaka, njoo barazani unichukue huko, mbele ya bwana shauri, nami nitamweleza kwamba ndugu yetu amekwenda kumwuguza mama yake, aseme kama hilo nalo ni kosa."

Akida alinitazama, akawatazama wadogo zangu, akafungua mwavuli wake, akaondoka na askari wake. Nikarudi ndani kusonga bada ya safari.