Picha ya Moyo wa Shilogile

Pale mwaloni Nyamukazi, boti zinakoshushia mizigo mjini Bukoba, boti ya kisiwa cha Bumbire ikitia nanga, watu walijua Shilogile yumo hata kabla hawajamwona. Kicheko chake kilitangulia kushuka, kisha yeye, kisha magunia yake ya dagaa. Kwao ni upande wa Sengerema. Alifika kisiwani akiwa binti mbichi, ameolewa na mvuvi aitwaye Elikana, na baada ya miaka michache Elikana akahamia kisiwa kingine kufuata samaki, huko akapata mke mwingine. Shilogile hakumfuata. Alibaki na binti yao, Rose, akajifunza kununua dagaa wabichi boti zinapoingia asubuhi, kuwaanika, kuwageuza, kuwafunika mvua ikitishia, na kuwapeleka Bukoba mwenyewe.

Kulikuwa na jambo ambalo hakumwambia mtu. Utotoni aliwahi kuumwa koo kwa muda mrefu, magoti yakamvimba, homa ikamlaza, kisha ikaisha na kila mtu akasahau. Alipovuka thelathini pumzi ikaanza kumkatikia. Mwanzoni ilikuwa akijitwika gunia tu, baadaye hata akitembea mchangani. Akiona watu wanamtazama anavyohema, alitunga mzaha upesi, wakacheka, naye akapata nafasi ya kusimama.

Aliyemgundua ni Mwamvita. Huyu alikuwa na kibanda cha dagaa na mchele sokoni Bukoba na nyumba yake Kibeta, na walikuwa wameuziana miaka mingi mpaka wakawa ndugu. Boti ikikosekana, Shilogile alilala kwa Mwamvita. Siku moja walikuwa wanapanda kilima kwenda nyumbani, Mwamvita akageuka akakuta mwenzake ameshika mti wa mgomba, midomo imekuwa ya bluu.

"Waitu, Mama Rose, una nini?"

"Kilima chenu hiki, dada. Sisi wa kisiwani hatujazoea vilima."

"Acha utani. Lukmani amekuja. Atakutazama."

Lukmani alikuwa mwana wa kwanza wa Mwamvita. Alikuwa akisomea uhandisi Dar es Salaam, shahada ya juu kabisa, na mwaka ule alirudi nyumbani kufanya utafiti wake katika hospitali moja ya mjini. Si daktari, kila mara alisisitiza hivyo, lakini kazi yake ilikuwa ya hospitali. Alikuwa anatengeneza programu ya kusafisha picha za moyo zinazopigwa na mashine ndogo ya kubebeka, ile unayopakwa jeli kifuani na kusuguliwa kwa kifaa kama sabuni. Mashine hizo ndogo ni rahisi kupelekwa vijijini, ila picha zake zina ukungu na chembechembe, na umeme wa jenereta unaziharibu zaidi.

"Shikamoo mama mdogo," alimwambia Shilogile jioni ile. "Kesho twende wote. Si kitu cha kuuma."

Wakaenda. Aliyempima ni Daktari Revocatus, Mhaya wa Kagondo, mtu wa maneno machache. Chumba kilikuwa kidogo, na mashine ile ilikuwa imeletwa na mradi wa akina Lukmani, hospitali haikuwa na nyingine. Daktari alisukuma kifaa ubavuni mwa Shilogile, akasukuma tena. Lukmani alikuwa nyuma na kompyuta yake. Ghafla akapiga paja.

"Huu! Huu ndio moyo niliokuwa nautafuta!"

Shilogile akafurahi. Alidhani ameambiwa moyo wake ni mzuri.

Daktari ndiye aliyemweleza ukweli baadaye. Ule ugonjwa wa koo wa utotoni uliharibu mlango mmoja ndani ya moyo, ukawa mgumu, haufunguki sawasawa, na damu inarudi nyuma kujaa kwenye mapafu. Ndiyo maana anahema. Tena moyo umechoka kusukuma, umeanza kupiga ovyo, mara mbiombio, mara unasita. "Kuna tiba," akasema. "Dar es Salaam wanapitisha mpira mwembamba kwenye mshipa wa paja mpaka moyoni, wanautanua ule mlango. Hawakupasui." Akampa dawa za kupunguza maji mwilini na kumwandikia sindano za kila mwezi.

"Niende lini?" Shilogile aliuliza.

Daktari akamtazama Lukmani, Lukmani akamtazama Shilogile.

"Tusubiri kidogo, mama mdogo. Picha bado haijakaa sawa. Ikikaa sawa, itakuombea yenyewe. Dar wakiiona hawatakuwa na swali."

Hilo alilishika. Tangu siku ile, kichwani mwake, picha na tiba vikawa kitu kimoja.

Akawa anaitwa. Kila alipoleta dagaa alipitia hospitali, na mara nyingine Lukmani alipiga simu kisiwani aje hata kama hana mzigo, nauli atarudishiwa. Alilala kifua wazi chini ya feni, jeli ya baridi ubavuni, huku kijana akitazama kompyuta na kukuna kichwa. Siku moja akamuuliza kwa nini inachukua muda hivyo, na Lukmani, ambaye alipenda kuulizwa, akavuta kiti.

"Mama mdogo, ukiwa kwenye boti injini inanguruma, sivyo? Lakini mtu akikuita unasikia."

"Nasikia."

"Kwa sababu sikio lako limeizoea injini, linaiweka pembeni. Programu yangu inafanya hivyo hivyo. Inaisikiliza kelele ya mashine na jenereta, inajifunza ilivyo, inaiondoa. Kelele ikibadilika, nayo inajibadilisha. Moyo wa kawaida unapiga kwa mpangilio, kwa hiyo programu inajua pigo linalofuata litakuwaje, inalishikilia, mengine inatupa. Wako hauna mpangilio. Pigo linakuja mahali isipolitarajia, inadhani ni kelele, inalifuta."

"Kwa hiyo inanifuta mimi."

Lukmani alicheka sana. Hata Shilogile alicheka. Jioni Lukmani alimsimulia mama yake mezani, wakila ebitoke, ndizi za kupika, na samaki, wakacheka tena wote watatu.

Mwaka ukapita hivyo, na mwingine ukaingia. Tuseme haki: kijana hakuwa mvivu. Alikaa na moyo wa Shilogile kuliko mtu yeyote aliyewahi kukaa nao. Aliijenga upya hesabu yake, safari hii isitegemee mpangilio wowote, ijifunze kutoka kila pigo linavyokuja na iwe nyepesi kusahau la nyuma. Aliijaribu, ikaharibika, akairekebisha. Na kadiri picha ilivyotakata, ndivyo mwenye moyo alivyozidi kuisha. Miguu ilianza kuvimba. Magunia sasa yalibebwa na Rose. Mara mbili Shilogile alikohoa damu kwenye kitenge akakifua kabla binti hajaona.

Siku programu ilipokubali, Lukmani alikuwa amemwita mwalimu wake kutoka Dar na wenzake wawili. Chumba kilijaa. Daktari Revocatus akaweka kifaa ubavuni, na kwenye kioo ukungu wote ukaondoka kama dirisha lililofutwa kwa kitambaa. Wageni walipiga makofi. Lukmani alimgeuzia Shilogile kioo ajione.

"Ule pale, mama mdogo. Mlango wenyewe."

Akaona kitu cheupe kinachohangaika, kinafunguka nusu na kurudi. Aliutazama kwa huruma, kama unavyomtazama mnyama aliyefungwa kamba fupi. Kisha akauliza alilokuja kuuliza.

"Sasa naenda Dar?"

Daktari Revocatus alikuwa ameinama karibu na kioo, kidole chake kimesimama kwenye sehemu nyingine ya picha, pembeni ya mlango, palipokuwa na kivuli cha mviringo kama punje ya buni. Akasema neno kwa Kiingereza. Lukmani akajibu kwa Kiingereza. Daktari akapandisha sauti. Makofi yalikuwa yameshakwisha.

Shilogile akajiinua kwa viwiko, jeli inamtiririka.

"Semeni Kiswahili. Moyo ni wangu."

Daktari akavua miwani. "Mama, hili ni donge la damu. Limekaa ndani ya moyo. Likiwepo donge, ule mpira hauwezi kupitishwa, unaweza kulisukuma likaenda kichwani. Na mlango wenyewe umekakamaa kuliko tulivyouona mwanzo."

"Mwanzo ungewezekana?"

"Ungewezekana."

"Mwanzo picha ilikuwa na ukungu," Shilogile akasema. Alikuwa anamtetea Lukmani bila kujua. "Ilibidi ikae sawa."

Daktari akamgeukia. Wageni walitazama sakafu.

"Mama, picha ya kwanza ilitosha. Daktari yeyote wa moyo angeiona, angejua. Nilimwambia huyu uende."

"Daktari, tulikubaliana," Lukmani akasema taratibu.

"Tulikubaliana nini? Wewe ndiye uliyesema akienda akatanuliwa, moyo utabadilika, utafiti wako utakwama. Ukaomba miezi michache. Na mimi..." Akaivaa tena miwani. "Na mimi nikakubali, kwa sababu mashine ni yenu, na mradi ukiondoka nabaki na mikono mitupu. Hilo nalo ulijue, mama."

Shilogile alijifuta jeli mwenyewe, akafunga vifungo vya blauzi kimoja kimoja. Alipofika mlangoni Lukmani alimshika mkono wa nguo.

"Mama mdogo, sikujua ingekuwa hivi. Niliona ni miezi tu."

"Nilikuwa nakuja kwa boti, Lukmani," akamwambia. "Na mawimbi, na mvua. Nilijua naenda kutibiwa."

Daktari Revocatus alihangaika safari ile, hilo hakuna anayelikataa. Alipiga simu Dar, akaomba nafasi apasuliwe kifua, akatoa dawa ya kuzuia damu isigande na kumtaka asitoke mjini ili damu yake ipimwe kila mara. Lakini Shilogile hakutaka kulala tena Kibeta, na mahali pengine pa kulala mjini hakuwa napo. Akarudi Bumbire kufunga biashara na kumpanga Rose. Alikusudia kukaa siku chache.

Ilikuwa asubuhi, jua limetoka vizuri, siku nzuri ya kuanika. Alikuwa anawatandaza dagaa juu ya neti, mkono wa kulia ukaacha kumsikia. Aliona vidole vinabaki pale pale juu ya dagaa, akaviamuru, vikakaa. Alitaka kumwita Rose, ikatoka sauti isiyo jina la mtu. Donge lilikuwa limeng'oka.

Boti ya kumpeleka hospitali ilipatikana mchana. Aliishi. Baada ya muda maneno yalirudi, mazito na yenye kona, lakini mkono haukurudi, na mguu wa kulia anauburuta. Dar walipomwona hatimaye walisema kumpasua akiwa katika hali ile ni kumuua, wakamrudisha na dawa.

Mwamvita alikuja kisiwani na kanga mpya, sukari na mchele. Alikaa kwenye mkeka akalia, akasema hakujua, wallahi hakujua, mtoto hakumwambia kitu. Shilogile alimwamini. Walikaa pamoja mpaka boti ilipoita abiria, lakini hawakuwa na la kuzungumza, na Mwamvita, kwa kutaka kujaza kimya, akafungua simu kumwonyesha video ya Lukmani akiwa nchi za watu, amevaa suti, nyuma yake ukuta mzima una picha ya moyo. "Amekitaja kisiwa chako," akasema. Shilogile alikitazama kile kitu cheupe kinavyohangaika, kikubwa kuliko mlango wa kanisa, akairudisha simu kwa mkono wa kushoto. Tangu hapo Mwamvita hununua dagaa wa Rose kupitia watu, haji mwenyewe.

Programu inafanya kazi, hata wanaomlaumu Lukmani wanakubali. Mashine kadhaa zimegawiwa wilayani Muleba, na mwaka jana moja ililetwa kisiwani kwa siku chache, Lukmani mwenyewe akiwa nayo. Watu walipanga foleni. Msichana mmoja aliyeolewa juzi, Jesca, naye mhamiaji wa kutoka Ukerewe, alikutwa na mlango uleule umebana, na moyo wake pia unapiga ovyo. Safari hii hakuna aliyesema tusubiri. Alipelekwa Dar, akatanuliwa, akarudi. Sasa anachota maji ziwani na ndoo kichwani.

Kabla hajaondoka, Lukmani alikwenda kwa Shilogile. Alipiga magoti mlangoni, mtu mzima yule na ndevu zake, akaomba msamaha, akasema bila moyo wa Shilogile, Jesca asingeonekana. Shilogile alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha Lukmani akainuka, akapangusa magoti, akasita.

"Mama mdogo, kama utaridhia. Mashine iko pale zahanati. Moyo wa mtu aliyekwisha kupata kiharusi hatuna picha zake za kutosha. Ingesaidia wengine."

Rose, aliyekuwa anafunga midomo ya magunia nje, alinyanyuka na sindano ya kushonea mkononi. Mama yake akamwashiria atulie.

"Hapana," Shilogile akasema. Neno hilo sasa alilitamka vizuri kuliko mengi.

"Haitachukua muda."

"Hapana, Lukmani. Uliobaki ni wangu."

Kijana akaondoka. Rose aliketi karibu na mama yake, na baada ya muda akamuuliza, maana watu kisiwani walikuwa wanasema hivyo, kama hajisikii vizuri kwamba Jesca atapona kwa sababu yake.

"Namfurahia Jesca," mama akasema polepole, akitafuta kila neno. "Ni mtoto wa watu. Lakini wasinitake niishukuru ile mashine. Mimi sikumpa Jesca kitu. Nilichukuliwa bila kuulizwa."

Rose akainuka, akarudi nje na sindano yake. Boti ya Bukoba ilikuwa inapakia, na magunia mawili yalikuwa bado hayajashonwa.